Kahawa ya Masisi na Walikale na Historia ya Mapigo ya Ubongo

Utangulizi

Wilaya za Masisi na Walikale, katika mkoa wa Kivu ya Kaskazini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, zinapakana, lakini zinatofautiana sana kwa sura ya nchi. Masisi ni nchi ya milima iliyo kaskazini-magharibi mwa Ziwa Kivu, yenye baridi, ukungu na udongo wenye rutuba. Walikale, upande wa magharibi, ni nchi ya msitu mkubwa iteremkayo kuelekea bonde la mto Lowa, ambao maji yake huishia katika Lualaba. Tofauti hiyo ya mwinuko ndiyo inayoamua ni kahawa ipi istawi wapi: arabika hupenda baridi ya vilima, na robusta hupenda joto na unyevu wa msitu.

Kahawa ya Kivu imetajwa mara nyingi katika maandishi ya historia ya uchumi: habari za ardhi, walowezi, bei na magendo. Kwa upande mwingine, kuna maandishi mengi ya sayansi kuhusu kafeini, ile kemikali iliyomo ndani ya buni, na jinsi inavyofanya kazi katika ubongo. Maandishi ya aina hizi mbili hayakutani. Mwanahistoria humwacha msomaji wake bandarini, gunia linapopakiwa melini. Mwanasayansi naye humpokea maabarani, kafeini ikiwa tayari ni unga mweupe ndani ya chupa, kana kwamba haikutoka shambani kwa mtu yeyote.

Makala haya yanajaribu kuziunganisha habari hizo mbili. Hoja inayotetewa ni kwamba kafeini haiupi ubongo nguvu yoyote; kazi yake ni kuuzuia ubongo usiipokee habari ya uchovu. Ilichukua zaidi ya miaka 150 ya utafiti kulifahamu jambo hilo, na katikati ya safari wataalamu walipotea njia kwa sababu ya kosa la kipimo. Aidha, makala yanadai kwamba maarifa haya yanastahili kuelezwa kwa Kiswahili, ambacho ni lugha ya wale walioilima kahawa yenyewe.

Miti miwili, nchi mbili

Robusta ni mti wa asili wa misitu ya bonde la Kongo na nchi jirani. Watu wa eneo la Maziwa Makuu waliijua kabla ya kuja kwa wakoloni. Wahaya wa Bukoba, kwa mfano, walizichemsha buni zake pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakazikausha na kuzitafuna. Mgeni alikaribishwa kwa buni, na katika Buganda na Buhaya buni zilitumika katika kiapo cha udugu wa kuchanjiana damu. Hivyo basi, dai la kwamba Waafrika wa bara walifundishwa thamani ya kahawa na Wazungu halina msingi. Walichofundishwa ni kuilima kwa ajili ya soko la ng'ambo.

Katika Ulaya mti huu ulipata jina la robusta mnamo mwaka 1900, pale kampuni ya Linden ya Brussels, iliyofanya biashara ya mimea, ilipoutangaza kwa miche iliyotoka Kongo. Mwaka 1901 miche ilipelekwa Java, ambako ugonjwa wa kutu ya majani ulikuwa umeiangamiza arabika. Kwa njia hiyo mti wa msitu wa Kongo ukawa mkombozi wa mashamba ya Waholanzi huko Asia.

Arabika ina asili tofauti. Uchunguzi wa jeni umeonyesha kuwa arabika ni chotara aliyezaliwa na miti miwili: robusta kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili mti uitwao Coffea eugenioides, ambao huota katika nyanda za juu za Afrika ya Mashariki hadi mashariki ya Kongo. Kwa hiyo kahawa ya vilima vya Masisi na kahawa ya msitu wa Walikale ni ndugu wa damu. Tofauti iliyo muhimu kwa makala haya ni ya kafeini. Katika buni kavu za arabika, kafeini ni kama asilimia 1.2 ya uzito wote. Katika robusta ni karibu mara mbili ya kiasi hicho. Inadhaniwa kuwa mti huitengeneza kemikali hii ili kujilinda dhidi ya wadudu.

Ardhi na jasho

Kilimo kikubwa cha kahawa katika Kivu kilianza chini ya utawala wa Wabelgiji. Mwaka 1928 iliundwa Kamati ya Kitaifa ya Kivu, iliyopewa mamlaka juu ya ardhi kubwa mno ili iigawe kwa walowezi na makampuni. Vilima vya Masisi, kwa hali yake ya hewa, viliwavutia walowezi zaidi kuliko msitu wa Walikale. Kahawa, chai, pareto na mkwinini vilipandwa katika ardhi ambayo Wahunde waliihesabu kuwa yao chini ya machifu wao.

Mashamba yalihitaji watu wa kuyafanyia kazi. Kuanzia mwaka 1937 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuwahamisha watu kutoka Rwanda na kuwaleta Kivu, hasa Masisi, na mpango huo uliendelea hadi miaka ya 1950. Makumi ya maelfu ya watu waliletwa, wengi wao wakawekwa katika eneo la Gishari. Mkoloni alikusudia kutatua matatizo mawili kwa pamoja: msongamano wa watu katika Rwanda na uhaba wa vibarua katika Kivu. Alichokianzisha ni tatizo la tatu, yaani swali la nani mwenye ardhi na nani mwenye haki ya kuamua juu yake. Swali hilo halikujibiwa wakati wa uhuru wa mwaka 1960.

Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kutaifishwa kwa mali za wageni. Mashamba ya walowezi wa Masisi yaliingia mikononi mwa wakubwa wachache waliokuwa karibu na serikali. Wengi wao hawakuwa wakulima wa kahawa. Sehemu kubwa ya mashamba ikageuzwa kuwa malisho ya ng'ombe, na wakulima wadogo wakabanwa pembezoni mwa ardhi yao. Mwezi Julai 1989 mapatano ya kimataifa ya kugawana soko la kahawa yalivunjika, na bei ikaanguka duniani kote. Aliyeumia zaidi alikuwa mkulima mdogo, ambaye hakuwa na ng'ombe wala akiba.

Tarehe 20 Machi 1993 mauaji yalifanyika katika soko la Ntoto, wilayani Walikale, na baada ya siku chache moto ukawa umeenea Masisi. Maelfu ya watu wa jamii mbalimbali waliuawa na wengi zaidi walihama makwao. Kahawa peke yake haikuleta vita hivyo. Hata hivyo, ardhi iliyogombaniwa ilikuwa imepewa thamani na mipaka mipya wakati wa kilimo cha mashamba makubwa, ambamo kahawa ilikuwa na nafasi yake.

Kutoka buni hadi kafeini: kosa la kipimo

Habari ya pili ilianzia Ujerumani. Mwaka 1819 mkemia kijana, Friedlieb Ferdinand Runge, aliipata kafeini kutoka katika buni alizopewa na mshairi Goethe. Mwishoni mwa karne hiyo Emil Fischer aliufafanua muundo wa kemikali hiyo na kuitengeneza maabarani. Kwa hiyo ilijulikana kafeini ni kitu gani, lakini haikujulikana inafanya nini. Vitabu viliishia kusema kwamba kafeini huchangamsha neva, kauli ambayo kila mnywaji wa kahawa angeweza kuitoa bila ya kwenda chuoni.

Fununu ya kwanza ilipatikana mahali pasipotarajiwa. Mnamo mwaka 1957 Earl Sutherland na Theodore Rall, wakifanya kazi Cleveland, Marekani, walikuwa wakichunguza jinsi homoni ya adrenalini inavyoliamuru ini litoe sukari. Waligundua kwamba adrenalini haiingii ndani ya seli. Hubisha hodi nje, kwenye utando wa seli, na huko ndani hutengenezwa kemikali nyingine ndogo inayoipeleka amri mbele. Kemikali hiyo hujulikana kwa kifupi kama cAMP. Sutherland aliiita mjumbe wa pili, mjumbe wa kwanza akiwa ni homoni yenyewe. Ugunduzi huo ulimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1971.

Punde ilionekana kuwa ndani ya seli kuna kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuivunja cAMP, na kwamba kafeini hukizuia kimeng'enya hicho. Maelezo yakawa mepesi na ya kuvutia: kafeini huifanya cAMP iongezeke, na kwa hiyo seli huchangamka. Kwa miaka kadhaa maelezo haya yalifundishwa kuwa ndiyo jibu.

Jibu hilo lilikuwa kweli ndani ya chupa ya maabara, lakini halikuwa kweli kwa mtu anywaye kahawa. Ili kukizuia kimeng'enya hicho vya kutosha, kafeini inahitajika kwa wingi unaozidi mara nyingi kiasi kinachopatikana katika damu ya mtu aliyekunywa kikombe kimoja au viwili. Mtu angekuwa ameshadhurika kabla ya kufikia kiwango hicho. Kosa halikuwa katika jaribio lenyewe, bali katika kusahau kuuliza kiasi gani.

Njia ilinyooka mwaka 1970. Albert Sattin na Theodore Rall, yule yule aliyefanya kazi na Sutherland, walionyesha kwamba kemikali iitwayo adenosini hubadili kiasi cha cAMP katika vipande vya ubongo wa simbilisi, na kwamba kafeini na jamaa zake huipinga adenosini. Katika miaka iliyofuata ilithibitika kuwa upinzani huo hutokea kwa kiasi kilekile cha kafeini kipatikanacho katika kikombe cha kawaida. Ufunguo wa kafeini, kwa hiyo, ulikuwa adenosini.

Kijia cha ajabu

Ili kuelewa adenosini hufanya nini, inafaa kueleza kwanza habari za moyo. Moyo hupiga bila ya kuamriwa na ubongo. Zimo ndani yake seli zinazoanzisha pigo, na baada ya kila pigo hujitayarisha zenyewe kwa pigo lifuatalo. Mwaka 1979 Hilary Brown, Dario DiFrancesco na Denis Noble, huko Oxford, walieleza jinsi adrenalini inavyouharakisha moyo: huongeza mkondo fulani wa umeme upitao katika utando wa seli hizo.

Mkondo huo ulionekana kuwa wa ajabu, na jina hilo la ajabu likabaki. Utando wa seli una vijia vidogo vya protini vinavyopitisha ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme kama vile za sodiamu na potasiamu. Vijia vingi vya aina hii katika neva na misuli hufunguka wakati chaji hasi ya ndani ya seli inapopungua. Vijia hivi vilifanya kinyume: vilifunguka wakati ndani ya seli pamezidi kuwa hasi, yaani wakati seli imetulia kabisa. Vikifunguka, sodiamu huingia kidogo kidogo, utulivu hupungua, na seli husogea kuelekea pigo jipya. Kwa kifupi, ni vijia vinavyoitoa seli katika mapumziko na kuirudisha kazini. Kwa sababu hiyo vinaweza kuitwa vijia vya kuongoza mapigo.

Mwaka 1982 J. V. Halliwell na P. R. Adams waliueleza mkondo wa namna hiyo katika seli za ubongo. Mwaka 1989 Hans-Christian Pape na David McCormick walionyesha kwamba kemikali mbili za ubongo, noradrenalini na serotonini, huuongeza mkondo huo katika seli za thalamasi, ambayo ni kituo kinachopitisha habari za macho, masikio na ngozi kwenda kwenye gamba la ubongo. Mwaka 1991 DiFrancesco na Paolo Tortora waliongeza jambo muhimu: cAMP hujishikiza moja kwa moja kwenye kijia chenyewe, bila ya kupitia kimeng'enya cha katikati. Inaposhikamana nacho, kijia hufunguka kwa wepesi zaidi. Jeni za vijia hivi zilitambuliwa mwaka 1997 na 1998. Katika wanyama wenye mamalia ziko nne, na siku hizi protini zake huitwa HCN.

Adenosini na habari ya uchovu

Mambo hayo yaliunganika mwaka 1992. Pape alionyesha kwamba adenosini hufanya kinyume cha noradrenalini katika seli za thalamasi: huudhoofisha mkondo wa vijia vya mapigo na, kwa njia ya pili, huruhusu potasiamu kutoka. Matokeo ya yote mawili ni kuifanya seli iwe hasi zaidi.

Maana ya jambo hili huonekana katika tofauti ya kulala na kukesha. Mtu akiwa macho, noradrenalini na serotonini huinua cAMP, vijia hufunguka kwa wepesi, na seli ya thalamasi hukaa tayari kupitisha kila habari moja moja kama ilivyokuja. Usingizi unapoingia, seli hiyo huwa hasi zaidi, na badala ya kupitisha habari hupiga kwa mafungu, kimya kikifuatiwa na mlipuko wa mapigo ya haraka. Ngoma ya ndani hushika mdundo wake wenyewe, na habari za nje hazipiti vizuri.

Adenosini hutokana na ATP, ambayo ndiyo fedha ya nguvu katika seli. Kadiri seli zinavyotumia nguvu, ndivyo adenosini inavyojikusanya. Mwaka 1997 Tarja Porkka-Heiskanen na wenzake walipima adenosini katika sehemu ya chini ya ubongo wa mbele wa paka, wakaona kwamba inaongezeka mnyama akeshapo na kupungua alalapo. Kwa maneno mengine, adenosini ni taarifa ya hesabu: huuambia ubongo kazi kiasi gani imefanyika.

Kafeini ina umbo linalofanana na la adenosini. Hukaa katika kipokezi cha adenosini bila ya kukiamsha, na mwenye kiti anapofika hukuta kimekaliwa. Mjumbe hauawi, wala hapa hakuuawa. Amezuiwa tu mlangoni, na ujumbe alioubeba bado upo. Kafeini inapokwisha mwilini, uchovu wote uliokuwa ukisubiri nje huingia.

Ni lazima kuongeza tahadhari. Kijia cha mapigo ni tawi moja tu la habari hii. Adenosini ina vipokezi vya aina kadhaa, na mwaka 2005 watafiti wa Japani na wenzao walionyesha kuwa panya wasio na kipokezi cha aina ya A2A hawakeshi hata wakipewa kafeini. Kipokezi hicho hufanya kazi hasa katika sehemu nyingine za ubongo. Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba kahawa humkesha mtu kwa kuvifungua vijia vya thalamasi tu. Lililo sahihi ni kwamba mahali ambapo adenosini huvidhoofisha vijia hivyo, kafeini huondoa udhoofishaji huo. Anayelifumbia macho jambo hili atarudia kosa la miaka ya 1960, la kulichukua jibu la sehemu na kulifanya kuwa jibu zima.

Suala la istilahi

Mwandishi wa Kiswahili anayeeleza mambo haya hukutana na uchaguzi mgumu. Neno mfereji humfanya msomaji afikirie maji yatiririkayo wakati wote, ilhali sifa kuu ya protini hizi ni kufunguka na kufungwa. Neno mlango huonyesha kufunguka, lakini halionyeshi kwamba kuna njia ndefu ya kupitia ndani. Chaneli limezoeleka kwa redio na televisheni. Neno kijia limetumika hapa kwa kuwa hubeba maana ya njia nyembamba ipitiwayo na mmoja mmoja, na halizuii kusema kuwa kijia kina lango.

Suala hili ni kubwa kuliko maneno. Katika Kongo ya mashariki Kiswahili ni lugha ya soko, ya kanisa na msikiti, na ya redio. Lakini elimu ya juu ya sayansi hutolewa kwa Kifaransa. Kahawa ya Masisi huzungumzwa kwa Kiswahili inapopimwa kwenye mizani, kisha lugha hubadilika pale swali linapokuwa kahawa hiyo hufanya nini mwilini. Mgawanyo huo wa lugha unafanana na mgawanyo wa faida: buni hutoka, na maelezo yake hayarudi. Mwanafunzi wa Goma asomaye habari za vipokezi vya adenosini hana sababu ya kutojua kwamba mti uliowapa wataalamu swali lao unaota katika mkoa wake.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba historia ya kafeini ina ncha mbili. Ncha moja imo katika ardhi iliyogawanywa tangu mwaka 1928, katika watu waliohamishwa ili wailime, na katika mashamba yaliyotaifishwa na kugeuzwa malisho. Ncha ya pili imo katika utando wa seli ya ubongo, ambako vijia vidogo hufunguka na kufungwa kwa amri ya wajumbe wa kemikali.

Ncha zote mbili zinatoa funzo moja kuhusu gharama. Kafeini haiondoi uchovu. Huahirisha tu kusikika kwake, na deni hubaki. Viwanda na ofisi za nchi za kaskazini zilijipatia saa nyingi za kukesha kwa bei nafuu, na bei hiyo ilikuwa nafuu kwa sababu uchovu wa aliyeichuma kahawa haukuhesabiwa popote. Wataalamu wa neva walilazimika kurudi nyuma na kuuliza kiasi gani ndipo walipoipata kweli. Mwanahistoria wa Kivu hana budi kuuliza swali hilohilo: kiasi gani cha ardhi, kiasi gani cha kazi, na kwa malipo gani. Maswali hayo yanaweza kuulizwa na kujibiwa kwa Kiswahili, na vyuo vya Kivu ndivyo vilivyo karibu zaidi na majibu yake.